Mgeni Njoo, Mkulima wa Zabibu Apone

Tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Tangu siku hiyo sisi tukaao Pugu tumekuwa mashahidi wa mabadiliko makubwa. Safari ambayo kwa basi ilimla msafiri siku nzima sasa humalizika kwa muda wa takriban saa nne. Mtumishi wa serikali anayeitwa mkutanoni makao makuu huondoka asubuhi, na akipenda hurudi kulala kwake Temeke au Kinondoni usiku ule ule. Mara nyingi mtumishi huyo hurudi na kifuko cha zabibu alizozinunua kandokando ya barabara, akawapa watoto, na kesho yake akawa amekwisha kuzisahau.

Hatumlaumu. Lakini twaona kwamba katika kifuko kile kidogo limo jambo kubwa lililoachwa bila mpango. Maelfu ya watu wanaofika Dodoma kwa kazi, kwa biashara na kwa matembezi hupita karibu kabisa na mashamba ya mizabibu, nao hawajui mlango wa kuingilia. Mkulima naye yumo shambani mwake akingoja mnunuzi, wala hajui kwamba wanunuzi wanapita. Maoni yetu ni kwamba wakati umefika wa kuzipanga safari za kuyatembelea mashamba hayo na kuonja mvinyo wake, na kuzipanga kwa namna ambayo fedha ya mgeni itafika mkononi mwa yule aliyeupogoa mzabibu.

Yafaa kwanza tukumbushane asili ya zao hili. Mzabibu uliletwa Ugogo na wamisionari wa Kikatoliki waliohitaji divai ya ibada, na jina la Misheni ya Bihawana likajulikana nchini kwa ajili ya mvinyo wake. Baada ya Uhuru serikali iliona kwamba katika nchi ile yenye mvua chache, isiyozidi milimita 600 hivi kwa mwaka, mzabibu ungeweza kumwinua mkulima ambaye mahindi yalikuwa yakimtupa mara kwa mara. Shirika la umma la DOWICO likaundwa kununua zabibu na kutengeneza mvinyo. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na jina la mji likakua pamoja na jina la mvinyo wake. Baadaye shirika hilo lilikufa, na wakulima wengi wakabaki bila mnunuzi wa uhakika. Viwanda vya watu binafsi vilivyofuata, vikubwa kwa vidogo, vimefanya kazi ya kusifiwa, lakini havijaweza nyakati zote kuumaliza mzigo wote unaotoka shambani.

Waswahili wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa vitu vingi, lakini haimsaidii mkulima wa zabibu. Sisi wa Pugu tunaishi na mnada wa ng'ombe, nasi twajua jinsi biashara ya mifugo inavyokwenda. Ng'ombe aliyeteremshwa kutoka Dodoma, Singida au Shinyanga asipopata bei leo, mwenyewe humchunga na kumnywesha maji mpaka mnada ujao. Mwenye ng'ombe anaweza kukataa bei ya dhuluma. Mwenye zabibu hana nafasi hiyo. Kichala kikishaiva hakingoji. Ndege hukidonoa, nyuki hukizunguka, na kikikatwa huanza kuharibika katika siku chache. Anayekuja na lori siku hiyo ndiye mwenye kauli. Ndiyo sababu katika misimu kadhaa iliyopita tumesikia kilio cha zabibu kuozea shambani, nacho si kilio cha uvivu wala cha zao baya.

Wakulima wengine wamejaribu kujiokoa kwa kukamua zabibu wenyewe na kuuhifadhi mchuzi wa zabibu, kama wenyewe wanavyouita, ili wauuze viwandani baadaye. Hii ni hatua njema, kwa maana mchuzi uliotunzwa vizuri hukaa muda mrefu kuliko kichala. Hata hivyo mchuzi nao wamtaka mnunuzi, na mnunuzi huyo akiwa mmoja tu, shida inabaki ile ile, ila imehama kutoka kwenye kapu ikaingia kwenye tangi.

Sasa na tutazame wenzetu walifanya nini. Katika nchi za baridi za Ulaya, ambako mzabibu hulala usingizi wakati wa theluji na kuzaa mara moja tu kwa mwaka, wakulima waligundua kwamba chupa inayouzwa mlangoni pa shamba haipiti mikononi mwa watu wengi, wala haigawi faida yake kwa wengi. Katika jimbo la Alsace, Ufaransa, mwaka 1953 ilifunguliwa njia maalumu ya mvinyo yenye urefu wa kilomita 170 hivi, inayopita katika vijiji vidogo vya wakulima. Mgeni hufuata alama za barabarani, husimama kijijini, huonja, hununua, hula, hulala, na kesho yake huendelea. Kusini mwa bara letu, wakulima wa Stellenbosch waliiga jambo hilo mwaka 1971. Njia hizo mbili zimekuwa riziki ya watu ambao wengi wao hawana hata mzabibu mmoja: wapishi, madereva, wenye nyumba za wageni na waonyeshaji njia.

Hatusemi Dodoma ni Alsace. Dodoma iko kwenye nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta, juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mchana jua ni kali. Usiku wa Juni na Julai baridi huingia mpaka mtu wa pwani akatafuta blanketi. Hakuna theluji ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa mkasi wake wa kupogolea. Kwa sababu hiyo mzabibu wa Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka: mavuno ya kwanza hupatikana karibu na Februari na Machi, na ya pili Agosti na Septemba. Neema hii mkulima wa Alsace hana. Mpangaji wa safari aijuaye neema hii ana misimu miwili ya kuwakaribisha wageni, ilhali mwenzake wa Ulaya ana mmoja.

Basi anayetaka kwenda na aanze na kalenda kabla ya kukata tiketi. Mavuno ya Agosti na Septemba huja wakati wa kiangazi. Barabara za vijijini ni kavu na zinapitika, na zabibu hazisumbuliwi sana na magonjwa yaletwayo na unyevu. Huo ndio wakati bora kwa mgeni wa mara ya kwanza. Mavuno ya Februari na Machi huja pamoja na mvua. Nchi ni ya kijani na inapendeza macho, lakini gari dogo laweza kukwama. Nje ya misimu hiyo mgeni hatakuta vichala, ila atakuta kazi ya kupogoa na ataweza kuonja mvinyo ulioiva, maana kiwanda hakifungwi kwa sababu shamba limepumzika.

La pili ni njia. Ndugu zetu wa visiwani wanaovuka kwa boti kutoka Unguja hushukia bandarini, nao wako karibu na stesheni kuu ya jijini. Wale wanaokuja kwa ndege kutoka Unguja, Pemba au Mafia hushukia kwenye Barabara ya Julius Nyerere, ambayo wazee wetu bado wanaiita Barabara ya Pugu, na kwao si lazima kurudi mjini kupambana na msongamano. Wanaweza kuendelea nje ya mji mpaka kituo cha Pugu. Yafaa tu wahakikishe mapema kwamba treni wanayoitaka inasimama hapa, kwa sababu zile za haraka hazisimami kila kituo. Huduma ilipoanza mwaka 2024, nauli iliyotangazwa kwa treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000, na watoto wa miaka 4 hadi 12 walitakiwa kulipa nusu. Msafiri aulize nauli ya siku anayosafiri.

Hapa tunatoa onyo moja kwa faida ya msomaji. Wapo Makutupora wawili. Makutupora ya reli, ambayo ni kituo kilicho mbele ya Dodoma na Bahi, iko wilayani Manyoni katika Mkoa wa Singida. Makutupora ya zabibu, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ina kituo chake cha kuchunguza mizabibu, iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara iendayo Kondoa. Mgeni akikata tiketi ya Makutupora kwa kuvutiwa na jina aliloliona kwenye chupa atajikuta amelipita shamba alilolifuata. Ashuke Dodoma.

La tatu ni kuchagua upande. Mashamba hayako mahali pamoja. Kaskazini kuna Makutupora tuliyoitaja. Kaskazini mashariki kuna Hombolo, penye bwawa na kiwanda cha mvinyo. Kwenye barabara ya Iringa kuna Bihawana, Matumbulu na Mpunguzi. Na mashariki, katika Wilaya ya Chamwino, kuna Chinangali yenye shamba kubwa la pamoja la wakulima wadogo. Anayetaka kuyaona yote kwa siku moja atakuwa ameyaona mavumbi tu. Shauri letu ni upande mmoja kwa siku moja, na vituo visizidi viwili: asubuhi shambani, jua likiwa bado la huruma, na alasiri kiwandani. Mwenye siku mbili achukue pande mbili. Tena apeleke taarifa kabla ya kufika, maana mkulima hawezi kuacha kazi ya kuvuna ili ampokee mgeni ambaye hakumtarajia, na kiwanda ni mahali pa kazi.

La nne ni adabu ya kuonja. Kuonja si kunywa. Mvinyo humiminwa kidogo tu katika glasi; mtu huutazama rangi, huunusa, huupitisha mdomoni, na mwenye kujua huutema katika chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo bila mtu yeyote kumshangaa. Huanzwa na mweupe kabla ya mwekundu, na mkavu kabla ya mtamu, ili ulimi usichoke mapema. Katikati huliwa kitu na kunywewa maji. Ugogo una chakula chake cha heshima, ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda na kuku wa kienyeji, na mama lishe wa kijijini anastahili sehemu yake katika safari hii. Walio chini ya miaka 18 wasipewe kabisa, na dereva asionje. Treni imetusaidia katika hili, kwa kuwa aliyeonja harudi nyumbani akishika usukani.

Twajua kwamba wengi wa wasomaji wetu wa visiwani, na wengi wa huku bara pia, hawatumii kileo kwa sababu ya dini yao. Hatuandiki maneno haya ili kumvuta mtu katika jambo analolikataa. Shamba la mizabibu lina mengi zaidi ya chupa. Zipo zabibu mbivu za kula, ambazo ladha yake shambani si ile ya kifuko cha barabarani. Zipo zabibu kavu, ambazo kila nyumba ya pwani huzihitaji kwa pilau na biriani, na nyingi ya hizo tunazinunua kutoka nchi za nje. Ipo sharubati ya zabibu isiyochachuka. Mfanyabiashara wa Unguja au Chake Chake anayeuza zabibu kavu akionana uso kwa uso na mkulima wa Mpunguzi, huenda wawili hao wakafanya biashara ambayo hakuna kiwanda cha mvinyo kingeweza kuifanya.

Na kwa upande wa mvinyo wenyewe, visiwa vinahusika kuliko wanavyodhani wengi. Unguja ina mahoteli ya kitalii ambayo wageni wake kutoka Ulaya huagiza mvinyo mezani kila jioni, na chupa zinazofunguliwa kwa wingi ni za Afrika Kusini, Italia na Ufaransa. Mgeni amesafiri maelfu ya kilomita kuja Tanzania, akapewa kinywaji kilichosafiri maelfu ya kilomita kumfuata, hali upande wa pili wa bahari mkulima Mtanzania anatafuta wa kumuuzia. Mhudumu wa hoteli hawezi kuusifu mvinyo asioujua. Meneja wa manunuzi hawezi kuagiza shehena kutoka kiwanda ambacho hajakiona. Ndiyo maana twasema kwamba safari ya kwanza iliyopangwa vizuri ingekuwa ya wanunuzi, wahudumu na waonyeshaji watalii kutoka visiwani, kwa kufuata sheria na leseni zinazotawala biashara ya vileo Zanzibar. Wakirudi na majina ya mashamba matano tu waliyoyakanyaga kwa miguu yao, kazi itakuwa imeanza.

Wapo watakaosema kwamba mvinyo mzuri hutoka nchi za baridi, na kwamba Dodoma haina baridi ya kutosha. Tunawajibu kwamba hata baridi tunayo. Katika milima ya Usambara, karibu na Soni wilayani Lushoto, wamisionari Wabenediktini wa Sakharani wamejulikana kwa mvinyo wao kutoka mashamba ya milimani, mahali penye ukungu na baridi ya kweli. Ni sehemu ndogo, na mtu aliyekwisha kuionja Dodoma angefanya vema kupanga safari nyingine kwenda huko ili apime mwenyewe tofauti ya zabibu ya jua na zabibu ya ukungu. Lakini riziki ya wakulima wengi iko Dodoma, na huko ndiko mpango uanzie.

Sasa tunawageukia wahusika serikalini, ambao baadhi yao wanayasoma maneno haya wakiwa ndani ya treni ile ile. Serikali haikukaa kimya. Sheria ya ushuru wa bidhaa hutoza mvinyo unaotokana kwa zaidi ya asilimia 75 na zabibu za nchini ushuru mdogo kuliko ule wa zabibu za kigeni, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini punguzo la ushuru humsaidia mwenye chupa. Mkulima mwenye kapu anahitaji mambo mengine, nayo si ya gharama kubwa.

Kwanza, Jiji la Dodoma na Wilaya ya Chamwino watoe orodha moja ya mashamba na viwanda vinavyokubali wageni, pamoja na siku zake na ada yake, na orodha hiyo ibandikwe katika vituo vya reli kuanzia hapa Pugu. Pili, alama za barabarani ziwekwe kwenye njia za Iringa, Kondoa, Hombolo na Chamwino; mgeni asiyejua njia hafiki. Tatu, Shirika la Reli na Bodi ya Utalii washauriane juu ya tiketi za msimu wa mavuno, ili mtu anunue nauli na usafiri wa kwenda shambani kwa mara moja. Nne, vijana wa vijijini wafundishwe kuongoza wageni, na ada ya kuingia shambani ibaki katika chama cha ushirika cha wakulima, kwa hesabu inayosomwa mbele ya wanachama. Tano, katika dhifa na mikutano ambako serikali huandaa mvinyo, uandaliwe wa nchini. Mwenyeji anayemfungulia mgeni chupa ya kigeni amekwisha kumwambia kwamba ya kwake haifai.

Kati ya hayo matano, la nne ndilo zito kuliko yote. Tumeona mara nyingi matembezi yaliyopangwa kwa ajili ya mgeni na msafirishaji tu, mwenyeji akabaki kupigwa picha. Ikiwa mgeni atapelekwa shambani kwa basi la kampuni ya mjini, akaonjeshwa mvinyo wa kiwanda cha mjini na kulala mjini, mkulima atakuwa amepata mavumbi ya basi tu. Kila mpango utakaoletwa mezani na uulizwe swali moja: je, mwenye mzabibu atapata nini siku ile ile mgeni anapofika, kabla lori la mnunuzi halijaja? Mpango usio na jibu la swali hilo urudishwe.

Kwa maana mkulima mwenye fedha kidogo ya wageni mfukoni hatalazimika kuikubali bei yoyote anayotajiwa siku ya mavuno. Ataweza kulipia kukamua, ataweza kuukodishia mchuzi wake tangi, ataweza kungoja wiki mbili. Atapata, kwa kiasi fulani, ile nafasi ambayo mwenye ng'ombe wa mnada wa Pugu anayo siku zote, nafasi ya kusema hapana.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Reli imekwisha kujengwa, treni zinakwenda, na mavuno hayakosi kuja mara mbili kila mwaka. Tunawaomba ndugu zetu wa visiwani na viongozi wetu wa serikali waitumie reli hiyo kwenda kumwona mkulima mlangoni pake, kabla ya msimu ujao wa zabibu kuiva.